Kutolewa Nje ya Amani

Dominika ya Pili ya Pasaka



 Injili ya leo haibadiliki. Uwe ni mwaka A, B au C wa liturujia, Kanisa hurudi kila mara kwenye sura ya 20 ya Injili ya Yohane, penye chumba kile cha Yerusalemu ambacho milango yake ilikuwa imefungwa. Tangu mwaka 2000 Dominika hii huitwa pia Dominika ya Huruma ya Mungu, lakini chumba ni kile kile, na sababu ya kufungwa kwa milango ni ile ile: hofu.

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya neno moja la Kiingereza. Twajua wako watakaoshangaa kwamba siku ya Dominika, katika redio ya Kiswahili, mhubiri anageuka mwalimu wa Kiingereza. Mtuvumilie. Neno lenyewe ni "afraid". Watoto wa shule hujifunza neno hili mapema, wakalifasiri kuwa "kuogopa", kisha wakapita. Sisi nasi tulipita hivyo hivyo, mpaka siku neno hilo lilipotuponyoka kinywani likamwumiza mtu. Kisa hicho hatuna budi kukisimulia, kwa kuwa ni deni letu.

Tulikuwa bado frateri, tumetumwa wakati wa likizo kusaidia katika hospitali moja ya misheni iliyo mbali na barabara ya lami. Kazi yetu ilikuwa kuandika majina katika daftari la wagonjwa, kubeba maji, na jioni kusali rozari pamoja na waliolazwa. Daktari alikuwa Mwingereza mzee, mtu mpole, ambaye Kiswahili chake kilikoma kwenye salamu na majina ya viungo vya mwili. Kwa kawaida alifasiriwa na muuguzi. Siku hiyo muuguzi alikuwa na mama anayejifungua, nasi tukaitwa kuchukua nafasi yake.

Kitandani alilala mtoto wa kiume wa miaka kama saba, aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka mwembeni. Mguu ulikuwa umefungwa plasta. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, furushi lake tayari mapajani, maana alikuwa ameambiwa kwamba huenda siku hiyo wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari akapapasa vidole vya ule mguu, akasoma cheti, kisha akamgeukia yule mama akasema maneno ambayo hata leo twayasikia masikioni: "I'm afraid he will have to stay another two weeks."

Tulikuwa tumefaulu Kiingereza kwa alama nzuri. Tukasema kwa sauti ya kujiamini: "Mama, daktari anaogopa. Anasema mtoto lazima abaki wiki mbili zaidi."

Mama hakujibu mara moja. Alimtazama daktari usoni. Na daktari, kwa adabu ya kwao, alikuwa amekunja uso kidogo kuonyesha masikitiko. Basi mama akaona ushahidi. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Frateri, daktari mwenyewe anaogopa?" Tukasema ndiyo, ndivyo alivyosema. Akainamisha kichwa. Sisi tukaenda zetu kuchota maji, tumeridhika kwamba kazi tumeifanya vizuri.

Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, plasta na yote, akatoka kabla mlinzi hajaamka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alitueleza maneno aliyoyaacha: kwamba ikiwa mtu aliyesomea uganga miaka yote hiyo anaogopa, basi mtoto hana siku nyingi, naye hatakubali afie mikononi mwa wageni, atampeleka akafie kwao, penye makaburi ya babu zake.

Ndugu wapendwa, yule daktari hakuogopa kitu. Mguu ulikuwa ukiunga vizuri, ila alitaka uunge kabisa. Mwingereza anapokuwa na habari ambayo adhani haitampendeza msikilizaji, huitanguliza kwa maneno hayo, "I am afraid", kana kwamba anabisha hodi mlangoni kabla ya kuingia na mzigo. Mwenye duka aliyeishiwa sukari atasema hivyo. Karani atasema hivyo akikuarifu kwamba bwana mkubwa hayupo. Hakuna anayetetemeka. Kwa Kiswahili tungesema "samahani", au "kwa bahati mbaya", au tungekohoa tu kidogo kabla ya kusema. Wala tusimcheke Mwingereza, kwa maana sisi nasi tunayo yetu. Twaulizwa, "Habari za nyumbani?" twajibu, "Nzuri," kisha twaongeza, "ila baba amelazwa, na mbuzi wawili wameibwa." Mgeni akiifasiri "nzuri" yetu neno kwa neno atatuona waongo, au watu wasiowapenda baba zao.

Kosa letu lilitusumbua kwa muda mrefu. Baadaye, tulipopata nafasi ya kukaa katika maktaba, tulilitafuta neno hilo katika zile kamusi kubwa zinazoeleza asili ya maneno, nusu kwa udadisi na nusu kwa kutaka kujitetea. Utetezi hatukuupata. Tulipata jambo jingine.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa vizazi vingi baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na ya mahakama. Kutoka kwao Kiingereza kilipokea kitenzi "affray", maana yake kumshtua mtu, kumvuruga, kumtia hofu. Na "afraid" ni hali ya kutendwa ya kitenzi hicho, yaani aliyeshtuliwa, aliyevurugwa. Mfaransa hadi leo husema "effrayer". Lakini Wafaransa nao walikuwa wamelipata neno hilo kwa kuunga vipande viwili. Kimoja ni cha Kilatini, "ex", maana yake nje. Cha pili ni cha Wafranki, watu wa jamii ya Wajerumani, nacho ni "frithu", maana yake amani. Basi ukilifuata neno "afraid" hadi kwenye mzizi wake, humkuti huko mtu anayetetemeka, wala anayekimbia. Unamkuta mtu aliyetolewa nje ya amani.

Tuliposoma hayo tulifunga kitabu, tukakaa kimya. Kwa maana ndivyo hasa tulivyomtenda yule mama. Alikuwa ameketi katika amani yake ndogo, furushi mapajani, akingoja ruhusa. Sisi kwa neno moja tukamtoa nje.

Mzizi huo wa amani haujafichika mbali nasi. Wazee wa Peramiho na Ndanda waliofundishwa na mapadre Wabenediktini kutoka Ujerumani huenda waliwahi kusikia Wajerumani wakisema "Friede". Ndiyo amani, na ndilo neno hilo hilo la Wafranki lililokua katika shamba jingine. Tena tunao miongoni mwetu watu waliobeba mzizi huo katika vyeti vyao vya ubatizo. Godfrey ni amani ya Mungu. Fredrick ni mtawala wa amani. Wilfred ni mwenye kutaka amani. (Alfred asijiunge nao, jina lake linafanana kwa sauti tu, asili yake ni nyingine.) Mara ngapi tumemwona Godfrey wa kigango fulani akiwa amejaa hofu hadi hawezi kulala, naye hajui kwamba nusu ya jina lake ndiyo iliyomponyoka!

Na katika sheria pia neno limebaki. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, zilizojengwa juu ya msingi wa sheria za Kiingereza, bado zina kosa liitwalo "affray": watu kupigana hadharani na hivyo kuvunja amani ya wengine. Mwanasheria hajali sana nani kapigwa ngumi. Kosa ni kwamba mama aliyekuwa akiuza nyanya sokoni ametolewa katika utulivu wake bila hatia. Kwa hiyo neno hili lina watoto wawili, ndugu wa tumbo moja: yule anayevuruga amani na yule aliyevurugwa. Nasi tuliotumia miaka mingi tukisikiliza maungamo na kusuluhisha ndoa twathubutu kusema kwamba mara nyingi ndugu hao wawili hukaa ndani ya mtu mmoja. Aliyetolewa nje ya amani huanza kuwatoa wenzake.

Twende taratibu hapa, maana jambo hili ni zito. Kwa Kiingereza kuna kuwa "afraid of" mtu, na kuna kuwa "afraid for" mtu. La kwanza ni kumwogopa; la pili ni kumwogopea. Kiswahili chetu kinaitofautisha hofu hiyo kwa sauti ndogo sana, kumwogopa na kumwogopea, irabu moja tu katikati, lakini kati ya hizo mbili pana bonde. Mama anamwogopea mwanawe. Hofu yake inamsogeza karibu, inamfanya abebe mtoto mgongoni usiku. Anayemwogopa mwenzake husogea mbali, kisha huokota jiwe. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa huko Tanzania, bibi zetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya sababu zilizotajwa ni macho mekundu. Macho hayo wengi wao waliyapata jikoni, kwa moshi, wakiwapikia wale wale watoto waliokua na kuwaogopa. Wauaji hawakuanza kwa chuki, ndugu wapendwa. Walianza kwa hofu: mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, mvua imekatika, amani imetoweka nyumbani, na mtu mmoja akaja akaonyesha kidole nyumba ya jirani. Ingekuwaje kama mtu mwingine angefika kabla yake, akaketi nao, akawasaidia kumwogopea yule bibi badala ya kumwogopa?

Hatusemi haya kwa kuwalaumu watu wa mahali pamoja. Kila parokia ina bibi yake. Twakumbuka pia miaka ile ambapo mgonjwa wa UKIMWI alitengewa kikombe na sahani, na wengine walikataa kupima damu kwa sababu waliogopa majibu kuliko ugonjwa wenyewe. Waliokuwa makatekista wakati huo wanajua ni nyumba ngapi walizoingia wakakuta mgonjwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

Kuna jambo jingine katika matumizi ya neno hili ambalo walimu wa Kiingereza hulisisitiza bila kueleza sababu. Waweza kusema mtu yuko "afraid", lakini huwezi kulitanguliza neno hilo mbele ya mtu kama sifa yake ya kudumu. "An afraid man" mwalimu ataikata kwa kalamu nyekundu. Hatutaki kuijengea kanuni ya sarufi theolojia isiyobeba, lakini tulipofikiri juu yake tuliona haya kidogo. Kwa maana sisi kwa Kiswahili tunalo neno "mwoga", na twaligawa ovyo. Mtoto akisita kuvuka mto, mwoga. Kijana akikataa kwenda kwenye ugomvi, mwoga. Wazee walikuwa na busara waliposema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Walijua kwamba hofu nyingine huokoa maisha. Lakini jina likishaganda halibanduki. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtoto "umeogopa", jambo ambalo litapita kabla ya chakula cha jioni, na kumwambia "wewe ni mwoga", jambo ambalo huenda akazeeka nalo.

Wengine watauliza: je, Maandiko hayatuagizi kumwogopa Mungu? Hapa Waingereza wana taabu kuliko sisi. Neno lao la kawaida zaidi, "fear", katika Kiingereza cha kale halikuwa jina la jambo la moyoni hata kidogo. Lilikuwa jina la maafa yenyewe, hatari inayomvizia msafiri ghafla, na ndugu yake wa Kijerumani, "Gefahr", bado maana yake ni hatari. Polepole neno likaondoka njiani likaingia kifuani. Sasa neno hilo hilo wanalitumia kwa simba, kwa mtihani na kwa Mungu, na mapadre wao wanalazimika kila mwaka kueleza kwamba kumwogopa Mungu si kama kumwogopa simba. Kiebrania nacho hutumia neno moja kwa yote mawili. Sisi tuna bahati. Tunalo neno "kucha", la zamani sana, tusilolitumia kwa simba wala kwa mtihani. Husikii mtu akisema anamcha nyoka. Mcha Mungu hajifichi nyuma ya mlango. Na kati ya mapaji saba ya Roho Mtakatifu, yale tunayowafundisha watoto wa Kipaimara kutokana na sura ya 11 ya Isaya, lipo uchaji wa Mungu, wala haliitwi woga. Makatekista, tafadhali msiwaachie watoto wakariri tu orodha hiyo. Waulizeni: ni nani hapa anamwogopa baba yake, na ni nani anamcha? Majibu yatawafundisha mengi kuhusu nyumba za kigango chenu.

Sasa turudi chumbani Yerusalemu.

Ni jioni ya siku ile ile ya ufufuko. Asubuhi Maria Magdalena amekwisha kuleta habari kwamba amemwona Bwana. Petro na mwenzake wamekwisha kukimbia hadi kaburini wakaona sanda. Kwa hiyo wanafunzi si watu wasio na habari njema. Wanayo, na bado wamejifungia. Hili huwa linatufariji. Mtu aweza kuwa na habari ya Pasaka masikioni na kufuli mlangoni kwa wakati mmoja.

Yesu anaingia, anasimama katikati yao. Sasa sikilizeni vizuri asichokisema. Wahubiri hupenda kusema kwamba agizo la kutoogopa limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Sisi pia tumewahi kulisema hilo mimbarani, na waamini walilipenda sana. Anayehesabu kwa uaminifu haipati idadi hiyo. Ni mara nyingi, inatosha kusema hivyo. Lakini katika chumba kile, jioni ile, agizo hilo halimo hata mara moja. Yesu hawakatazi kuogopa, wala hawaulizi kwa nini wamefunga milango. Hamkumbushi Petro uani kwa Kuhani Mkuu. Anawatakia amani. Kisha anawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Kisha anawatakia amani mara ya pili.

Tunaposoma hayo tukiwa na lile neno la Kiingereza mkononi, twaona kitu ambacho hapo awali tulikipita. Kama mtu mwenye hofu ni mtu aliyetolewa nje ya amani, basi haisaidii sana kusimama mbali na kumpigia kelele aache kuogopa. Ni sawa na kumwamuru aliyefukuzwa nyumbani aache kuwa nje. Inabidi mtu amwendee huko alikotupwa, aichukue amani yake, amrudishie mkononi. Katika sura ya 14 ya Injili hiyo hiyo, kwenye karamu ya mwisho, Yesu alikuwa amekwisha kuwaahidi kwamba anawaachia amani yake, akawataka mioyo yao isifadhaike; na katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, aya hiyo ya 27 ina neno la amani mwanzoni na "afraid" mwishoni. Hatudhani wale wafasiri walikusudia kuyakutanisha. Yalikutana tu, kama ndugu waliopotezana wakakutana kituo cha basi bila kutambuana.

Na tazameni siku nane baadaye. Yohane ameandika kwamba milango ilikuwa imefungwa tena. Safari hii hataji hofu, lakini milango yenyewe inasema. Wamemwona, wamefurahi, wamepuliziwa Roho Mtakatifu, na wiki ya pili komeo lingali mahali pake. Yesu anakuja tena, na kwa mara ya tatu anatoa salamu ile ile, bila kuchoka, kabla hata hajazungumza na Tomaso. Papa Yohane Paulo wa Pili, alipoanza utume wake tarehe 22 Oktoba 1978, aliwaasa watu wasiogope na wamfungulie Kristo milango, tena waifungue wazi kabisa. Alijua alichokiunganisha, hofu na milango. Lakini ni vema tukumbuke kwamba katika Injili ya leo wenye nyumba hawakufungua. Aliingia hivyo hivyo.

Sasa tumalizie deni letu.

Kitanda kilipokutwa kitupu, wazo letu la kwanza lilikuwa kuchukua baiskeli, kumfuata yule mama, na kumwambia arudi na asiogope. Katekista wa pale hospitalini, mzee ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, akatuzuia. Akauliza tulichosema, neno kwa neno. Tulipomwambia, hakutukemea. Akachukua kofia yake, akasema, "Twende, lakini nikifika mimi ndiye nitakayetangulia kusema."

Tulifika kwa yule mama karibu na saa saba mchana. Moyo wetu ulikufa tulipoona uani pamekwisha kujaa watu; kulikuwa na wanawake walioketi kwenye mkeka, na mtu alikuwa ameanza kupasua kuni, kama kwenye msiba. Mtoto alikuwa hai, amelazwa kivulini, plasta imepasuka upande mmoja. Mwalimu hakumwendea mtoto wala mama. Aliwazungukia wazee mmoja mmoja. "Shikamoo," kwa waliomzidi, kwa wengine, "Hamjambo?" Wakajibu hawajambo, kama ilivyo desturi, ingawa jambo walikuwa nalo. Ni salamu ya ajabu tuliyorithi, tukiitazama vizuri: twaulizana kama tuna jambo, yaani kama kuna kitu kimetutoa katika utulivu wetu, na twajibu hapana hata kama kipo, ili mazungumzo yaanzie mahali pa amani.

Akaomba maji. Akanywa. Akauliza habari za mvua na za mihogo. Sisi tulikuwa tukichemka kwa haraka, nusu saa ikapita, naye anazungumza juu ya mihogo! Mwishowe akasogea kwa mtoto, akaketi chini, akamwambia acheze vidole vya mguu. Mtoto akavicheza. Hapo Mwalimu akapandisha suruali yake hadi gotini, akaonyesha goko lake lililopinda kama jembe la kale. "Mimi nami nilianguka mwembeni," akasema. "Nikapelekwa hospitali, na baba yangu akanichukua nyumbani kabla ya siku. Mguu uliunga kwa namna uliyotaka wenyewe." Wanawake kwenye mkeka wakasogea kutazama. Hata aliyekuwa akipasua kuni akaweka shoka chini.

Kisha akatugeukia, akasema, "Kijana huyu ana neno."

Tukapiga magoti mbele ya yule mama, tukamwambia kosa ni letu. Daktari hakuogopa. Tulifasiri vibaya.

"Basi alisema nini?" akauliza.

"Alisema samahani, mama."

"Samahani ya nini?"

"Kwa kuwa mngechoka kukaa wiki mbili."

Akatutazama kwa muda. Tulidhani angetutukana, na haki alikuwa nayo. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio chote cha usiku ule wa kutembea gizani na mtoto mgongoni, na wanawake wakamshika. Jioni ile mtoto alirudi hospitalini juu ya baiskeli ya Mwalimu, mguu umenyoshwa juu ya ubao, sisi tukisukuma na mama akitembea kando. Kwa sababu ya plasta kupasuka, wiki mbili ziliongezwa zikawa nne. Hizo mbili za ziada ni zetu, na mtoto ndiye aliyezilala.

Daktari alipoelezwa yote, alifadhaika sana, hata akatuomba tumfundishe namna ya kusema habari ngumu kwa Kiswahili. Hakufika mbali katika masomo hayo. Lakini kila yule mama alipokuja kliniki katika miaka iliyofuata, alisimama mlangoni akamwita kwa sauti ambayo kila mgonjwa aliisikia, "Bwana Daktari! Leo huogopi?"

Na yule mzee alijibu kwa Kiswahili alichokuwa nacho, "Sijambo, mama."